Habari Ziwafikie Walio Mbali

Jumatatu, 3 Machi

Nilishaapa sitakanyaga tena redioni. Leo nimekanyaga.

Nilistaafu utangazaji nikiwa na miaka sitini, nikarudi Makwale kwenye kakao na migomba aliyoniachia marehemu mume wangu, na kwa miaka minne nimeishi vizuri tu bila kipaza sauti. Halafu wiki iliyopita akaja Wilson, meneja wa redio yetu ya Kyela mjini. Akasifia migomba, akasifia kakao, akasifia hata mbwa. Mtu akimsifia mbwa wangu najua ana shida. Redio inasikika mpaka ng'ambo ya mto Songwe, kwa hiyo sasa inataka watangazaji waliotoka kwingine: wahamiaji, wakimbizi, watoto wa wakimbizi. Wamepatikana wawili. Niwanoe msimu huu wa masika, mpaka mwisho wa Mei. Wasikilizaji wakiwakubali, watabaki. Wasipowakubali, wataondoka.

Wa kwanza ni Tulinagwe, msichana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa upande wa Malawi. Mama yake aliolewa upande huu, Katumba Songwe, naye akaja na mama. Anaongea kama anafukuzwa. Wa pili ni Samsoni, ishirini na mitano, aliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi kule Mishamo. Uraia wa Tanzania anao, karatasi anayo, lakini mjini hapa bado wanamwita mkimbizi. Alikuja na lori la wanunuzi wa mchele, lori likaondoka, yeye akabaki. Huyu haongei, anaandika tu. Nimepiga chafya, nadhani ameandika.

Nimewapa salamu fupi na kazi ndefu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Umeme hakuna, redio kimya. Tulinagwe peke yake ndiye aliyekuwa hewani, mpaka saa nane.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote hapa si mpira wala kwaya. Ni matangazo ya vifo. Saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, dakika saba kila mara, watu wanaacha uji ujichemkie. Kwa hiyo mwanafunzi wangu lazima aanzie hapo, na njia ninayoijua mimi ni moja: nimewaambia kila mmoja aandike tangazo la kifo chake mwenyewe.

Tulinagwe aliweka kalamu chini. "Mama, huo si uchuro?"

"Uchuro ni kukosea jina la marehemu. Andika."

Aliandika kurasa mbili, akajaza wajomba, mashangazi, mabinamu wa Karonga, na mwalimu wake wa Jumapili. Nikampa nane kwa kumi. Samsoni alileta karatasi karibu tupu. "Habari zimfikie mama yake mzazi, aliyeko Mishamo." Basi.

"Umeishi miaka ishirini na mitano, una ndugu mmoja?"

"Wengine sijui niandike wako wapi, mama."

Nilimwambia mwandishi asiyejua anauliza, hakai na kusubiri. Nikampa nne. Mwandiko wenyewe mbaya, kama kuku amepita.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweka Samsoni kwenye dirisha la kupokea matangazo. Kazi ni rahisi. Mfiwa analeta karatasi yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji, wewe unaandika jina la marehemu, mahali na saa ya maziko, kisha orodha ya ndugu kwa heshima zao: mke au mume, watoto, kaka na dada, wajomba, halafu walioko mbali. Ukimruka mtu Kyela, utaandamwa mpaka matanga yaanuliwe na baada ya hapo.

Yeye kazidisha. Kila mfiwa anamuuliza, "Na nani mwingine yuko mbali? Mbali wapi? Nani anajua kama amepata habari?" Foleni imefika kwenye mtaro. Mama mmoja kaniambia, "Huyu kijana wenu anatuhoji kama uhamiaji." Nimecheka, halafu nimemkaripia Samsoni. Ameitikia "Ndiyo, mama," akaendelea vilevile.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mbwa amekula soli ya kiatu changu cha kazini. Hana cha kusifiwa.

Jumatano, 19 Machi

Leo Tulinagwe amesoma habari kwa mara ya kwanza: barabara ya Ngonga imekatwa na maji, wakulima wa mpunga wazungukie juu. Amesoma haraka lakini amesoma vizuri. Simu ya kwanza: "Huyo binti wa Malawi katoka wapi kutusomea barabara zetu?" Ya pili, bibi mmoja wa Ngonga: "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, nilikuwa nimeshavaa viatu." Wilson ameisikia ile ya kwanza tu. Ameniambia kwa sauti ya chini kwamba kwenye vifo hawa vijana wasiguse kipaza sauti. Msiba unahitaji sauti ya nyumbani.

Nimemjibu kwamba nakubaliana naye. Na kweli nakubaliana naye.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani nimesinzia. Kakao inaoza mtini kwa unyevu, maganda yamegeuka meusi nusu shamba.

Alhamisi, 27 Machi

Vifo sita kwenye matangazo ya saa saba, dakika zilezile saba. Ndiyo maana nina kalamu nyekundu. Kifo cha mwisho kilikuwa cha mzee Andongwisye Mwakalinga. Tangazo alileta binti yake Kisa, mzee amefia kwake Ngonga, anazikwa kesho. Orodha ilikuwa ndefu kama kamba ya ng'ombe. Nilikata mistari miwili ya mwisho.

Samsoni alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mama, umemkata aliye mbali. Mtoto wa kwanza, yuko Kaporo, Malawi."

"Ukoo utampigia simu."

"Kisa amesema kila mtu anadhani mwenzake amepiga."

"Samsoni, nilikuwa nasoma vifo wewe hujazaliwa." Nikaingia, nikasoma, nikamaliza sekunde nne kabla ya muda. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatatu, 31 Machi

Nataka niandike haya kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi aliingia mtu mzima wa miaka hamsini hivi, akisukuma baiskeli, matope mpaka magotini. Alitusalimu wote kwa heshima. Kwenye baiskeli alikuwa amefunga redio ndogo kwa mpira. Akasema anaitwa Anyelwisye, anatoka Kaporo, na angependa kujua nani alisoma tangazo la Andongwisye Mwakalinga siku ya Alhamisi.

Wilson alimpa kiti. Hakukaa.

"Niliwasikia," alisema. "Nilikuwa napalilia, redio iko hapa hapa kwenye baiskeli. Kila siku nawasikiliza saa saba, sisi wa ng'ambo tunasikiliza kwa ajili ya hilo tu. Mkasema Andongwisye Mwakalinga wa Ngonga. Baba yangu ni wa Katumba Songwe. Sikujua kwamba alipoanza kuugua walimhamishia Ngonga. Na akina Andongwisye Mwakalinga ni wengi. Nikasema ngoja nisikie watoto. Mkamtaja Kisa, akina Kisa nao ni wengi. Nikangoja jina langu. Mkamaliza, mkapiga wimbo."

Akafuta redio kwa kiganja.

"Nikamshukuru Mungu kwamba si baba. Nikamwombea na huyo aliyekufa, nikaendelea kupalilia. Jana ndiyo nimeambiwa na muuza samaki."

Miaka thelathini na zaidi nimesoma orodha za ndugu nikidhani ni heshima tu, adabu ya msiba, kitu cha kupunguza muda ukibana. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa amesimama shambani akingoja jina lake, na kwamba nikiliruka nimemwambia baba yako yu hai.

Wilson alisema haraka, "Tusamehe, kaka. Ni makosa ya mafunzo. Tuna vijana wapya dirishani." Akamtazama Samsoni. Kisa na ukoo wake kumbe walikuwa wameshapiga simu tangu jana usiku, wakisema ni mkimbizi aliyeruka jina, yeye ndugu atawajulia wapi.

Samsoni alinitazama mara moja. Fomu ilikuwa mezani, jina la Anyelwisye limeandikwa kwa mwandiko wake wa kuku, na juu yake mstari wangu mwekundu. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Niliitazama kana kwamba sijapata kuona mwezi wa tatu.

"Nisamehe, baba," Samsoni akasema. Akachukua mwavuli, akashika usukani wa baiskeli, wakaondoka pamoja kwenda kaburini Ngonga kwenye mvua.

Nilinyamaza. Naliandika hapa kwa sababu sijalisema mahali pengine popote.

Jumanne, 1 Aprili

Wilson amemwambia Samsoni apumzike "kidogo" nyumbani. Sikula.

Jumatano, 2 Aprili

Tulinagwe hajaniamkia. Alipita mlangoni, akaweka chai mezani, akageuka kuondoka. Nikamwuliza kama shikamoo zimekwisha nchini.

Akarudi. Mara ya kwanza nimemsikia akiongea polepole. "Mama, siku ya kwanza ulitufundisha kwamba habari bila chanzo ni umbeya. Na kosa je? Kosa lenyewe halina chanzo?"

Nilimwambia atoke. Akatoka. Chai aliyoileta nimeiacha ikapoa, nimekaa nayo mpaka mchana nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nikiwa msichana. Nina miaka sitini na minne, nimeogopa kuaibika mbele ya mtu na baiskeli yake, nikamwachia mtoto wa watu abebe. Na nilijua atabeba. Hilo ndilo baya zaidi. Nilijua hatasema.

Ijumaa, 4 Aprili

Saa moja asubuhi nimeingia chumba cha matangazo na karatasi yangu. Wilson alidhani ni vifo. Nimesoma hivi, nainakili nisije nikajidanganya baadaye:

"Mimi ni Veronika, mwalimu wa watangazaji wa redio hii. Tarehe ishirini na saba Machi, kwa mkono wangu, nilikata kwenye tangazo la kifo jina la Anyelwisye Mwakalinga wa Kaporo, Malawi, mtoto wa kwanza wa marehemu Andongwisye. Kijana aliyekuwa dirishani, Samsoni, aliliandika jina hilo sawasawa, akanionya, nikampuuza. Baadaye watu walipomlaumu yeye, nilikuwepo na nikanyamaza. Anyelwisye, baba yako alifariki, nasi hatukukuambia. Naomba radhi kwako, kwa ukoo wako, na kwa Samsoni."

Nyuma ya kioo Wilson alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tulinagwe analia, na huku anaandika. Sauti yangu ilitetemeka kwenye neno "nikanyamaza", jambo ambalo ningemkatia mwanafunzi alama.

Simu zilifuatana. Wengine wamenitukana, nimezipokea zote. Saa sita akaja Kisa mwenyewe kutoka Ngonga, na mkungu wa ndizi kichwani. Hakutaka kukaa.

"Dada, wewe tutaongea siku nyingine," aliniambia. "Nilimtukana mtoto wa watu kwenye simu. Yuko wapi?"

Nikampeleka mwenyewe mpaka chumba alichopanga Samsoni. Nilibeba mwavuli, yeye akabeba ndizi.

Jumanne, 8 Aprili

Samsoni amerudi dirishani. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikajikuta nimemwambia tu, "Umekonda." Akasema, "Ndizi za dada Kisa nimekula peke yangu, mama, sijakonda." Kumbe anaweza kutania.

Mchana akaleta pendekezo, ameliandika kwenye karatasi. Tangazo lianze na walioko mbali. Ng'ambo kwanza, kisha mikoani, kisha wilaya, na wa nyumbani wawe wa mwisho. Muda ukibana, wakatwe wa nyumbani.

Nilimwambia haiwezekani. Huwezi kumtaja binamu wa Lusaka kabla ya mjane anayelala chini kwenye mkeka. Kuna heshima zake. Tutachomewa redio.

"Mama, mjane anajua," alisema. "Wa karibu wote wamesikia kilio. Wao tangazo la nini? Tangazo ni la asiyesikia kilio."

Nikamwuliza mawazo haya kayatoa wapi. Alikuwa na miaka tisa, alisema, yalipokuja malori ya kuwarudisha watu Burundi. Baba na kaka yake Yohana wakapanda la kwanza. Mama alikuwa mgonjwa, wao wawili wangefuata na la pili. Hawakufuata. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara mmoja akapita Mishamo, akawaambia kwamba baba alikwishakufa zamani, na Yohana haijulikani alikokwenda. Mama akaanza kulia siku hiyo kilio cha mtu aliyezikwa mwaka mzima nyuma. Majirani walimshangaa.

"Mimi matangazo ya vifo nayasikiliza tangu nikiwa mdogo," akasema. "Redio yoyote. Nangoja mtu atutaje."

Huyu ndiye niliyempa nne kwa kumi. Nilikwenda chooni nikafungua bomba.

Wazo lenyewe bado nimelikataa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Jua kidogo. Nimekula wali na kuku kwa jirani. Tulinagwe ametuma salamu ndefu kuliko mahubiri.

Jumatano, 23 Aprili

Wazo limekaa kichwani wiki mbili, nimeshindwa kulifukuza. Leo nimelijaribu, nikisoma mimi mwenyewe. Kabla hata wimbo haujaisha, mume wa marehemu alikuwa kwenye simu. "Mke wangu wa miaka arobaini amekufa, nanyi mnaanza na shemeji wa Tunduma? Mimi ni nani, mpita njia?"

Nikamweleza. Hakutaka kueleweshwa. Wilson ametoa siku chache za majaribio, baadaye turudi kwenye utaratibu wa zamani, na mwisho wa Mei ataamua kuhusu vijana "kwa ujumla wake". Najua ana maana gani akisema kwa ujumla wake: wote wawili nje.

Jumanne, 29 Aprili

Yule mume amepiga tena. Shemeji wa Tunduma aliwahi, ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza. Hajasema tuko sahihi. Amesema tu kwamba kafika.

Wilson hajasema turudi kwenye utaratibu wa zamani, nasi hatujamkumbusha.

Ijumaa, 9 Mei

Siku tatu mvua haijakatika. Songwe umejaa, na Tulinagwe amekwama Katumba Songwe, anatutumia habari kwa simu akiwa juu ya stuli nyumbani kwa mama yake, maji yakiwa uani. Anaripoti nyumba ngapi zimeingiliwa, nani amehamishwa, njia ipi inapitika. Leo hakuna aliyepiga kuuliza ametoka wapi.

Mimi nimeamka bila sauti. Nikifungua mdomo inatoka pumzi tu. Na saa kumi na mbili jioni kulikuwa na kifo kimoja, cha jirani yangu wa Makwale, bibi Tusajigwe, anazikwa kesho saa nane. Wilson hawezi kusoma, ana kigugumizi akishika karatasi. Tukatazamana. Nikamnyooshea kidole Samsoni.

"Mama, msiba unahitaji sauti ya nyumbani," Wilson akaninong'oneza. Maneno yake yaleyale ya Machi, niliyoyakubali.

Nikaandika kwenye kipande cha karatasi: WA NYUMBANI WAMESHASIKIA KILIO. Nikamsukumia.

Samsoni alikaa. Sauti haikutetemeka. Alianza hivi: "Habari zimfikie Hellen, mke wa Mwafulirwa, Kaporo, Malawi. Hellen, mama yako Tusajigwe wa Makwale amefariki leo asubuhi." Akarudia jina, na mahali, na saa ya maziko, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake akiwa amekaa naye. Kisha wa Mbeya, kisha wa mjini, na mwisho nyumba kwa nyumba mpaka majirani. Jina langu lilikuwemo. Nilimlilia bibi Tusajigwe pale pale, bila sauti.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa msibani tangu asubuhi. Wanawake wamejaa ndani, wanaume wako nje chini ya turubai linalovuja. Saa sita jeneza likatolewa chumbani, likawekwa sebuleni, kifuniko kiko tayari. Kaka wa marehemu akauliza kama kuna anayengojewa. Mtu akasema Hellen yuko Malawi, na maji haya, hatawahi.

Ndipo watoto walipopiga kelele barabarani. Anyelwisye wa Kaporo, kwenye baiskeli ileile, redio imefunikwa kwa mfuko wa nailoni, na nyuma yake amempakia mwanamke mmoja analia kwa sauti. Mwanamke huyo alishuka kabla baiskeli haijasimama, akaanguka, akainuka na matope yake, akapita katikati yetu mpaka ndani kwa mama yake.

Hellen hana redio. Mumewe yuko safarini, simu imeingia maji. Anyelwisye alikuwa akisikiliza jana jioni. "Niliposikia Kaporo imetajwa kwanza sikungoja mwisho," aliniambia. "Niliandika jina mkononi, nikaanza kuuliza nyumba kwa nyumba." Akanionyesha mkono, wino ulikuwa bado unasomeka. Alfajiri wamezunguka mpaka daraja la Kasumulu na kuvuka pale.

Sikuwa na sauti ya kumjibu. Nilishika ule mkono wake kwa mikono yangu miwili. Akaniachia niushike.

"Mimi baba sikumuwahi," akasema. "Huyu amewahi. Basi, mama."

Hellen alikaa na mama yake saa nzima kabla kifuniko hakijafungwa. Hakuna aliyemharakisha.

Ijumaa, 16 Mei

Sauti imerudi nusu. Anyelwisye amepata jirani mwenye simu nzuri. Samsoni humsomea majina ya ng'ambo kabla ya kila tangazo, naye Anyelwisye huwatafuta wenyewe. Kisa amempigia Wilson, namnukuu: "Mwacheni huyo kijana asome. Mkimtoa nitakuja kukaa hapo mlangoni na mkeka wangu." Wilson anamwogopa Kisa. Wote tunamwogopa.

Jumatano, 21 Mei

Jua. Mpunga wa Ngonga umeanza kugeuka rangi.

Ijumaa, 30 Mei

Wilson ametuita ofisini. Akazunguka, akasifia msimu, akasifia hata mtambo wetu wa kurushia matangazo, nikajua kuna jambo. Tulinagwe anabaki kwenye habari, na mara mbili kwa wiki atatangaza akiwa mpakani. Samsoni anabaki, na vifo vya jioni ni vyake. Ng'ambo kwanza, ndiyo utaratibu wa redio sasa, umebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Wilson. Tulinagwe alipiga vigelegele mpaka fundi mitambo akaja kuuliza kuna nini. Samsoni aliinama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mimi kazi yangu imekwisha. Nilikuwa nakusanya miwani na kalamu zangu niondoke kabla sijaanza kulia mbele ya watu, Samsoni aliponifuata na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, lile zoezi la Machi. Nimerudia."

Nimeisomea nyumbani, barazani. Ni tangazo la kifo chake, ukurasa mzima sasa. "Habari zimfikie kaka yake Yohana, popote alipo." Huyo ndiye wa kwanza. Kisha mama yake, Mishamo. Kisha Anyelwisye wa Kaporo, ambaye ameandikwa kama baba yake mdogo. Hellen wa Kaporo. Kisa wa Ngonga. Tulinagwe, dada yake, Katumba Songwe. Wilson, Kyela mjini.

Nakiri nilikuwa nalitafuta jina langu tangu mstari wa kwanza. Nilipofika kwa Wilson bila kujiona, moyo ulinichoma. Nikawaza, hata Wilson? Miezi mitatu nimemlea, nimemkosea, nimetubu mbele ya wilaya nzima, na nimewekwa nyuma ya Wilson? Nikageuza karatasi.

Nyuma kulikuwa na mstari mmoja, wa mwisho kabisa: "Na Mama Veronika, ambaye hahitaji kutangaziwa, kwa kuwa atakuwepo."

Nimekaa na karatasi hiyo mpaka kuku wakaingia bandani. Nimempigia simu nikamwambia mwandiko wake bado mbaya.